Uso Mmoja kwa Magari Matano

9 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya huko imeanza kulegea na kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha. Sisi hatujambo. Mgongo wangu bado unanisumbua, lakini tumeshazoeana. Mama yako mzima, anasema uvae soksi. Baba yako mzima wa mwili, ila macho. Ijumaa nilimpeleka kliniki ya macho, na huko kulinikuta jambo ambalo siwezi kukueleza kwa simu, maana simu hukatika kabla sijafika kwenye kiini.

Tulikwenda kwa gari la jirani yetu mshonaji, lile la rangi ya fedha alilonunua mwaka jana. Baba yako akaingia kwa daktari, mshonaji akabaki garini, mimi nikaenda kununua gazeti. Niliporudi nilifungua mlango wa nyuma, nikaketi, nikakunjua gazeti na kuanza kumsema mshonaji kuhusu matairi yake. Nilimwambia tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani, na kwamba mtu anayeendesha gari namna ile haipendi roho yake wala za abiria. Nilieleza kwa nini tairi hulika upande mmoja, kama ninavyopenda kueleza. Dakika kumi nzima. Kisogo kilichokuwa mbele yangu kilinisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye habari za mke wake na zile nguo za wateja zinazochelewa, kisogo kikageuka. Hakikuwa cha mshonaji.

"Mzee," akasema yule bwana, "tairi nitabadilisha. Lakini wewe ni nani?"

Cheka, hapana shida. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilishuka nikayatazama yale magari mawili yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu. Nimefundisha uchoraji wa kiufundi miaka thelathini na mmoja. Jicho langu limelipwa mshahara kwa kuona tofauti ya unene wa mstari. Taa zilikuwa zile zile, nyembamba, zimeinama kwa ndani kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Wavu wa mbele ulikuwa ule ule, mpana, kama mdomo wa mtu anayedai jibu. Nikasema basi ni gari la aina moja. Yule bwana akakataa, tena kwa fahari kidogo: lake ni aina kubwa, la mshonaji ni la kati. Nikarudi nyuma hatua kumi. Sikuona ukubwa wala ukati. Nikazunguka kiwanja kizima, nikakuta magari sita ya kampuni hiyo, ya aina tatu tofauti, yote yamebandikwa uso mmoja.

Na kampuni yenyewe ndiyo hiyo unayofanyia kazi. Wewe ulituambia unachora viti, na mtu wa viti hana hatia. Lakini nakuomba uulize, huko kwenye vyumba vyenu vya kuchorea, ni nani aliyeuchora uso ule. Ukimpata mwambie kuna mwalimu mmoja mstaafu anayesema ni mvivu. Alichora mara moja, akalala, wenzake wakanakili. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudishia karatasi yake bila alama, nikamwambia: umechora gari moja, mengine yako wapi?

Nimeandika kwa hasira, utanisamehe mwandiko. Nijibu upesi.

Baba Mkubwa wako


20 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na Baba ameanza kutumia dawa za matone za macho. Mwambie asiziweke karibu na jiko. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha.

Nimechelewa kujibu, na sitasingizia kazi. Barua yako ilifika mwisho wa Februari. Niliisoma nimesimama, nikaitia kwenye droo ya vijiko, nikaitoa, nikaisoma tena, nikairudisha. Imekaa na vijiko karibu miezi miwili.

Mvivu unayemtafuta ni mimi.

Viti nilichora mwaka wa kwanza tu. Sikuwaambia kilichofuata kwa sababu nilitaka kuwashtua. Unakumbuka nilivyokuwa mdogo, nakaa juu ya tairi langoni pa gereji, Baba yuko chini ya gari la mtu, miguu tu nje. Akisikia gari linaingia anauliza, "Nani anakuja?" Nami naangalia taa tu, kabla sijaona kingine chochote, najibu: "Chura!" au "Sanduku!" au "Pua Ndefu!" Sikukosea hata siku moja. Nilikuwa nimepanga nije likizo, nikodi gari lenye uso wangu, niingie nalo langoni. Baba aulize nani anakuja, nami nijibu, "Ni langu." Hiyo ndiyo siri niliyokuwa naitunza, na wewe umeipiga teke kwa viatu vyako vya darasani.

Tulikuwa wachoraji arobaini. Kila mmoja alileta uso wa gari dogo, lile dogo kabisa, la mtu anayenunua gari kwa mara ya kwanza maishani. Wakachagua wangu. Waliupigilia kwenye ukuta wa ukumbi, wakubwa wanapita wanasimama kuutazama. Halafu wakasema uso huu ni mzuri mno kuwa wa gari dogo peke yake, uwekwe kwenye aina zote tano. Hawakuniuliza. Lakini sitajifanya kwamba nililia, Baba Mkubwa. Nilifurahi. Nilikuwa msichana wa gereji, na sasa magari matano yanatazama dunia kwa macho yangu.

Tena wana sababu zao, si uvivu. Mtu akiona gari letu kwa mbali anatambua ni la kwetu. Kutengeneza kalibu za kuundia taa za aina tano ni kazi mara tano. Na yule anayenunua dogo anapata heshima ya uso wa lile kubwa. Hapiti barabarani akionekana mnyonge. Hilo ni kosa?

Ungeniuliza kwanza kabla ya kunitukana. Wewe ndiye uliyenishikisha penseli.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Pokea salamu za mzee mwenye aibu. Natumaini uko salama na hutaitia barua hii kwenye vijiko. Huku tu wazima. Baba yako anatia dawa za matone kila siku na kulalamika kila tone.

Neno mvivu nalifuta. Nalifuta kwa kifutio, halafu napuliza vumbi. Sikujua, na kutojua si udhuru kwa mtu aliyekaa na fani miaka yote hiyo. Ningeutazama ule mstari wa juu ya taa vizuri ningeujua mkono wako. Mama yako amezunguka mtaa mzima akionyesha watu magari, "Hilo ni la mwanangu! Na hilo! Na hilo pale!" Baba yako aliweka spana chini. Alimwendea mshonaji, akapitisha kidole gumba juu ya taa ya gari lake, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akarudi kazini akipiga mluzi.

Lakini hoja siifuti. Kaa chini nikueleze.

Unasema mtu alitambue gari ni la kwenu. Sawa. Mimi na baba yako tumefanana pua, masikio na hata mwendo. Kila anayetuona anajua ni watoto wa baba mmoja. Lakini hakuna siku bibi yako alimwogesha mmoja wetu mara mbili akamwacha mwingine na matope. Kufanana kwa ndugu ni jambo zuri kwa sababu kunaacha nafasi ya kila mmoja kuwa yeye. Kampuni yenu haijazaa ndugu. Imechonga kinyago kimoja ikawavika watoto watano, na kila mtoto akiitwa, wanaitika wote. Yule mnyonge unayemtetea, aliyenunua dogo, hajapewa heshima. Ameambiwa kwamba gari lake halistahili sura yake lenyewe. Na yule aliyenunua kubwa ameuziwa sura ya kuazima. Wewe ulichora uso kwa ajili ya gari moja, ukijua urefu wa boneti yake na upana wa magurudumu yake. Wao wameuvuta kama raba mpaka ukafunika lori. Mimi ningekasirika kwa niaba yako hata kama wewe hujakasirika.

Tena kuna jambo la kazi, siyo la uzuri. Unajua gereji ya baba yako inavyoendeshwa. Hakuna daftari la vipuri. Kuna rafu, na juu ya kila boksi nimechora uso wa gari lenye vipuri hivyo. Utaratibu huo niliuanzisha mwenyewe ulipokuwa darasa la pili, kwa sababu fundi mwenye mikono ya grisi hataki kusoma, anataka kuona. Umetufaa miaka ishirini. Anayetaka kipuri cha Chura anatafuta Chura. Sasa wiki hii nimeletewa maboksi mapya mawili, moja la vipuri vya gari lenu dogo na moja la lile la kati. Nimechora uso wako kwenye vifuniko vyote viwili. Kwa kuwa sasa najua ni mkono wa nani, nilivichora kwa wino, na kila taa nilirudia mara tatu. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya pale. Chini yake nimeandika nambari za aina, kwa penseli.

Nayatazama yale maboksi mawili, mwanangu, na hasira inanirudia. Nimechora vizuri, na baba yako sijamwambia kitu.

Baba Mkubwa wako


30 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo, natumaini nyote mko wazima.

Nimesoma. Naandika kwa kifupi kwa sababu kazi zimenizidi. Kila gari letu lina kibati chini ya boneti chenye nambari zake zote. Hakuna haja ya kubishana kuhusu nyuso. Fundi asome kibati. Asiyesoma kibati asizilaumu taa.

Nimepandishwa. Nitaongoza kikundi kitakachochora uso mpya, safari hii wa aina saba. Nilidhani mtafurahi.

Msalimie Baba. Mwambie nimefurahi kusikia habari ya kidole gumba.

Mwanao


17 Septemba

Mwanangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Shikamoo yako ya Mei sikuiitikia, nikakaa nayo kama wewe ulivyokaa na barua yangu. Nilikuwa nimechukia. Sasa sijachukia kwa sababu hiyo tena. Nina sababu nyingine, na sehemu yake naielekeza kwangu mwenyewe. Kaa mahali ndipo usome. Hakuna aliyekufa.

Mwezi wa nane mkunga wa zahanati alileta gari lake kwa baba yako. Ni la kwenu, aina ya kati, rangi ya fedha. Unamjua mkunga, ndiye aliyekupokea wewe duniani, na hasahau kulisema. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele ulikuwa umechoka. Ule mpira ndio unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, na hukunjuka kila unapokata kona, kwa hiyo urefu wake ndio uhai wake. Wa zamani ulikuwa umeshakatwa na kutupwa na fundi mwingine njiani, hakukuwa na cha kulinganishia. Baba yako akaenda kwenye rafu. Macho yake unayajua. Hawezi kusoma penseli, lakini wino wangu mnene anauona. Akaona uso wa gari la mkunga, akachukua boksi, akatoa mpira, akaufunga. Nati zikaingia sawasawa, maana nati zenu nazo ni zile zile. Gari likasimama vizuri, likajaribiwa mpaka kona ya kanisa na kurudi. Mkunga akaondoka anaimba.

Boksi lilikuwa la gari dogo. Mpira ule ulipungua vidole viwili.

Siku ya nne, kwenye mteremko wa sokoni, mkunga alikata usukani wote kuukwepa mkokoteni. Mpira ukavutika, ukachanika. Pedali ikazama hadi chini. Aliligongesha gari kwenye ukuta wa shule kwa makusudi ili lisiingie sokoni kati ya watu. Amevunjika mkono wa kulia na mfupa wa bega. Mkono wa mkunga, mwanangu.

Nilikwenda kwa wakala wa kampuni yenu hapa mjini. Nilivaa koti. Nilieleza kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwamba magari mawili yenye uso mmoja, nati moja na rangi moja, halafu mpira wa urefu tofauti, ni mtego uliotegwa na watu wenye elimu. Kijana wa wakala aliniacha nimalize, akanipa barua iliyokwisha kupigwa chapa. Nakunukulia mstari mmoja: "Fundi asiyesoma kibati hawezi kuilaumu kampuni." Niliusoma nikaona kama nimeshausoma. Nikaenda nyumbani, nikafungua barua yako ya Mei.

Sikuandikii kukuumiza. Ningetaka kukuumiza ningeandika siku ile ile. Nilikwenda pia kukitazama hicho kibati. Kipo nyuma ya betri, chini ya bomba, na herufi zake ni ndogo kama chawa. Nilikisoma kwa kioo changu cha kukuzia cha darasani, nimelala kifudifudi juu ya injini kama samaki anayeanikwa. Huo ndio usomaji mnaotutakia.

Sasa sehemu yangu. Nilijua. Nilikuandikia mwenyewe kwamba nyuso mbili sawa zimekaa rafu moja, na bado niliviacha vifuniko vile jinsi vilivyo kwa sababu vilikuwa vizuri. Niliuchora uso wako mara mbili kwa wino na ukweli nikauandika kwa penseli. Mwanafunzi angeniletea kazi hiyo ningempa sifuri, na ningemweleza kwa nini mbele ya darasa. Kwa hiyo katika mkono wa mkunga kuna kosa lako, kosa langu, kosa la wakubwa wako, na kosa la baba yako. Aliyelichukua lote ni mmoja.

Baba yako amefunga gereji. Ufunguo ameutundika jikoni nyuma ya mlango. Anaketi uani amevaa shati safi, na hilo ndilo linalonitisha, hujawahi kumwona na shati safi siku ya kazi. Watu wanakuja, anawaelekeza kwa mafundi wengine. Alikwenda zahanati kumwona mkunga, mkunga akakataa kutoka. Jana nilimwambia nakuandikia. Akasema, "Usimwambie mtoto. Ni uso wake." Namvunjia neno lake.

Nimeviondoa vile vifuniko viwili, vimo ndani ya bahasha hii. Nambari za penseli nimezifuta. Sikuombi fedha wala machozi. Waite wakubwa wako, waweke mezani, waulize: kipi ni kipi?

Baba Mkubwa wako


2 Novemba

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na kwa Baba shikamoo mara mbili. Natumaini barua hii inamkuta Mama akiwa mzima na mkono wa mkunga unaunga. Mimi ni mzima. Nimekaa, kama ulivyoniambia, na nimekaa muda mrefu.

Vifuniko vilifika wiki moja kabla ya mkutano wa uso mpya. Nilikuwa na michoro saba ukutani, yote sawa, mmoja umevutwa na mwingine umebanwa. Niliingia na vifuniko vyako chini ya kwapa. Wakubwa walikuwa tisa. Niliviweka mezani nikasema hiki ni cha gari letu dogo na hiki ni cha lile la kati, kila mmoja anioneshe kipi ni kipi. Wakavipokezana. Wakasifu mchoro, nikuambie hilo. Mmoja aliuliza kama mchoraji anatafuta kazi. Hakuna aliyejua. Wakanirudishia, wakasema haya, tuambie wewe. Nilikuwa nimevichanganya wakati wa kuviweka. Nikavigeuza, nikavitazama. Nilitazama taa nilizozichora mimi mwenyewe.

Sikujua, Baba Mkubwa. Mimi, niliyekaa juu ya tairi langoni.

Nikawaeleza habari ya mpira na mkunga. Walisikiliza vizuri, ni watu wenye adabu. Mkubwa wao akatabasamu kwa huzuni, akasema, "Ni bahati mbaya. Lakini kama hata wewe huwezi kuyatofautisha, basi tulichokusudia kimefanikiwa." Kisha akasema kibati kipo. Akalisema lile neno langu, karibu herufi kwa herufi. Ni mimi niliyeliandika kwenye kijitabu cha mawakala mwezi wa tano, siku ile ile niliyokuandikia wewe. Nilikuwa nimekukasirikia, nikaona ni sentensi nzuri, nikaitumia mara mbili.

Nilishuka kwenye kiwanja cha kiwanda na koti langu la ofisini, nikafungua boneti ya kila aina, nikatafuta kibati. Kwenye lile la kati nilipasua kucha na sikukiona mpaka nilipowasha tochi ya simu. Miaka mitatu nimechora pale mbele na sikuwahi kunyanyua boneti hata mara moja. Baba angenipiga kofi.

Niliporudi juu niliiondoa michoro yangu saba ukutani. Nikawaambia nitachora nyuso saba tofauti za ndugu, kila mmoja na sura yake, au sichori. Wakaniambia basi sichori. Nimerudishwa kwenye viti. Sasa lile nililowaambia mwanzoni, kwamba nachora viti, ni kweli. Uso wa aina saba atauchora mwingine, na yeye atafurahi kama nilivyofurahi, na mahali fulani kutakuwa na rafu nyingine yenye maboksi saba. Nikiwaza hilo nasaga meno.

Nakurudishia vifuniko vyako. Usichore nyuso tena. Ulitufundisha kwamba ukitaka mtu asikosee, mchoree kitu chenyewe kwa kipimo chake halisi, aweke juu ya karatasi, kilingane au kisilingane. Nimeingia stoo ya kiwanda nikapima. Ndani ya bahasha kuna michoro ya mipira ya breki ya aina zote tano, urefu wake kamili, hakuna aliyeuvuta. Nimeikandamiza kalamu kwa nguvu mpaka karatasi imevimba kwa nyuma, ili vidole vya Baba vione pale macho yanaposhindwa.

Mwambie lile neno la kibati nililiandika mimi. Usimfiche. Mwambie pia kwamba uso ule si wangu tena.

Mwanao


19 Desemba

Mwanangu,

Salamu za nyumbani zikufikie ukiwa mzima na soksi umevaa. Sisi wazima, mgongo na vyote.

Nilimsomea baba yako barua yako uani. Pale penye viti aliniambia rudia. Pale penye kibati akasema, "Na mimi ningeandika hivyo, kama ningekuwa na kalamu na sijawahi kulisukuma gari." Akaitaka ile michoro. Alipitisha vidole nyuma ya karatasi, moja baada ya nyingine, macho kayafumba. "Huu wa dogo. Huu wa kati." Akairudia mara nne kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari. Kesho yake shati safi halikuvaliwa na ufunguo haukuwepo nyuma ya mlango.

Mwishoni mwa Novemba mimi nilichukua vile vifuniko nikaenda zahanati. Mkunga hakutaka kunikaribisha. Nikasema nimekuja kukiri, siyo kutetea. Nilimweleza kwamba nyuso zile nilizichora mimi na kwamba nilijua zimefanana. Akavitazama muda mrefu, mkono bado umefungwa.

"Langu ni lipi?" akauliza.

"Ndilo tatizo lenyewe," nikasema.

Alinirudishia, akafunga mlango.

Jumanne ya wiki hii asubuhi nilikuwa kwenye kiti changu langoni pa gereji. Baba yako alikuwa chini ya gari la muuza mkaa, miguu tu nje. Gari likaingia. Rangi ya fedha, bampa jipya, taa nyembamba, mdomo mpana. Kutoka chini ikatoka sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mwezi wa nane:

"Nani anakuja?"

Nikatazama, mwanangu. Nikatazama kwa jicho langu lote la darasani, nikautambua mkono wako mahali pote, na gari sikulitambua.

"Sijui," nikasema.

Ile miguu ikatulia. Kisha ikaanza kusogea, baba yako akatoka, akafuta mikono, akaja. Kioo cha dereva kikateremka.

"Fundi, ni mimi," akasema mkunga.

"Wewe nakujua," akasema baba yako. "Gari lako ndilo silijui. Fungua boneti."

Akainama nyuma ya betri na kioo changu cha kukuzia, akasoma kwa sauti, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Palipomtatiza alirudi nyuma akaanza upya. Mimi niliandika, kwa wino. Zilikuwa kumi na saba, na mkunga hakutuharakisha.

Baba Mkubwa wako